Yah: Mashine Yenu ya Kahawa na Mke Wangu Aliyehamia kwa Dada Yake

Kwa Meneja,
Idara ya Malalamiko ya Wateja.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha barua kimeshasema mengi, lakini nimefundisha watoto maisha yangu yote na ninajua kwamba mtu akishasoma kichwa huona amemaliza kazi. Naomba basi uvute kiti, ukae kitako, usome mpaka mwisho. Na kama una kikombe cha kahawa mkononi, kiweke mbali kidogo. Sipendi msiba wangu usomwe na mtu anayeburudika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mke wangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa huu walipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwangu, na kama hawajui kuandika, hilo si kosa lake. Tulikuwa tukiishi wawili, mimi na yeye, katika nyumba ndogo yenye jiko linalotazama uani. Sasa bado tunaishi wawili, mimi na mashine yenu. Mke wangu yuko kwa dada yake tangu mwezi uliopita, na nikipiga simu anapokea dada.

Ninachoomba ni kitu kidogo sana. Naomba kampuni yenu imwandikie mke wangu barua rasmi, yenye nembo na muhuri, ikikiri kwamba yaliyotokea nyumbani kwangu ni makosa ya mashine wala si ya mume. Kisha mje muichukue hiyo mashine. Nataka mke wangu arudi. Mengine yote nitakayoyaandika hapa chini ni ushahidi.

Ili uelewe kilichoharibika, lazima ujue kilichokuwapo. Mke wangu alikuwa akipika kahawa kila asubuhi kwa birika dogo ambalo mpini wake umefungwa kitambaa. Alitwanga mwenyewe. Kisha tulikaa jikoni, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, tukabishana. Sisemi tuligombana, elewa tofauti. Kugombana kuna mwisho. Sisi tulibishana juu ya mkwe wetu, juu ya paka wa jirani, juu ya kama wingu lile ni la mvua au la kututania tu, na kahawa ilipokwisha tuliacha pale pale, tukaendelea kesho yake. Siku moja akasema mkono wa kutwangia unamuuma, na kwamba binti yetu amemwambia kuna mashine siku hizi, unabonyeza tu, inasaga, inakamua, inamimina. Nikasema twende dukani. Mimi ndiye niliyesema twende, na naomba hilo lizingatiwe.

Sasa malalamiko.

1. Namna tulivyochaguliwa mashine. Dada wa dukani kwenu alitupokea vizuri, sina neno naye. Lakini alituuliza maswali mengi kuliko tuliyoulizwa siku ya kufunga ndoa. Mnakunywa na maziwa au kavu? Mnapenda nzito au nyepesi? Juu ya meza ya jikoni kuna kabati, na je, mfuniko utafunguka? Yote hayo niliyavumilia. Kisha akaniuliza, mbele ya mke wangu, kama maji ya kwetu yana chumvi. Ndugu Meneja, mtu anaulizwa hivyo? Nilijibu kwa heshima kwamba maji ya kwetu ni matamu, na kwamba nimeyanywa tangu utotoni na haya ndiyo matokeo yake, atazame mwenyewe. Akanitazama. Akanipa kikaratasi chembamba, akasema nikichovye kwenye maji nyumbani, kikibadilika rangi niieleze mashine. Kikaratasi ni kizuri na nimekitunza. Kipo kwenye kamusi, nimeweka kama alama ya ukurasa.

Mke wangu yeye aliuliza swali moja tu: je, tumbo la ndani linatoka likaoshwa? Nilimnong'oneza asitutie aibu, hii ni mashine, si beseni la wodini. Dada wa dukani akanipa mgongo kabisa. Akamwambia mke wangu kwamba hilo ndilo swali ambalo kila mtu angepaswa kuanza nalo na hakuna anayeliuliza, kwa sababu kahawa ina mafuta, na mafuta yakikaa gizani na unyevunyevu huota ukungu. Akamwonyesha mbili: moja ambayo tumbo lake limefungwa na linafunguliwa na fundi tu, na nyingine ambayo tumbo lake linatoka kama mtoto wa meza. Mke wangu akachagua ya pili. Mimi nikaikubali kwa sababu yangu mwenyewe: nilisikia kwamba inaandika Kiswahili kwenye kioo chake. Hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia.

2. Lugha na adabu. Tulipoiwasha mara ya kwanza, kioo kikaandika: MAJI IMEISHA.

Nilikaa chini. Maji huchukua ya-, Ndugu Meneja. Maji yameisha. Yalikuwa hivyo kabla wewe na mimi hatujazaliwa na yatakuwa hivyo hata kampuni yenu ikifungwa. Nikasema labda ni ulimi umeteleza. Nikajaza maji. Ikaandika: MACHICHA IMEJAA. TOA. Toa? Bila tafadhali, bila samahani, bila hodi? Kitu kilichoundwa juzi kinampa amri mtu aliyestaafu, na hata shikamoo hakijatoa. Nilisimama mbele yake na mikono nyuma, kama nilivyozoea, nikaisubiri ijirekebishe. Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Nilibandika karatasi chini ya kioo yenye sentensi sahihi kwa wino mwekundu. Kila asubuhi ilipokosea niliisomea kwa sauti, polepole. Baada ya muda mke wangu akaanza kusema kwamba zamani nilikuwa nikibishana naye na sasa nabishana na mashine. Nilimweleza kuwa sibishani nayo, naisahihisha. Akasema yeye hata kusahihishwa hajasahihishwa wiki nzima. Nilidhani ananipongeza.

3. Kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wenu siku ya tatu alinipa jembe mimi. Mashine hii ikiamka inaosha uso, na maji hayo ya uso yanaingia kwenye trei. Ikienda kulala inaosha uso tena, trei ile ile. Trei ikijaa, kinatokeza kiboya chekundu, kimenitolea ulimi. Mwage trei. Kopo la machicha limwagwe kila siku, maana nililisahau mara moja likaota manyoya. Mrija wa maziwa upitishwe maji ya moto mara tu baada ya kutumika, si baada ya taarifa ya habari, la sivyo maziwa yanaganda humo na kesho yake jiko linanuka kama kwapa. Na kila wiki kitolewe kile kidude cha ndani ambacho kijitabu chenu kinakiita "kitengo cha utengenezaji", jina ambalo mimi nilidhani ni idara ya serikali. Kioshwe kwa maji ya bomba bila sabuni, maana sabuni inakula mafuta yake, kiachwe kikauke chenyewe, kisha kipakwe mafuta ya kulainisha kwenye viungo, kidogo tu, kwa ncha ya kidole.

Mimi nilijifunza yote hayo. Sikutaka kushindwa. Nilikiosha kile kidude kwa mikono miwili, nikakiacha kikauke juu ya kitambaa safi, nikakipaka mafuta taratibu ili nisikiumize. Mke wangu akawa anasimama mlangoni ananitazama. Siku moja akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba tangu tuoane sijawahi kuosha birika lake hata mara moja. Hili nalitaja kwa sababu ni kweli, si kwa sababu lina uzito. Birika halikuwahi kuniomba. Yeye pia hakuniomba, alikuwa akisema tu.

4. Cheo. Mashine yenu humtambua kila mtu kwa kinywaji chake na humkaribisha. Kwa kuwa mke wangu ndiye aliyebonyeza kwanza siku ile, asubuhi anaandikiwa: KARIBU, MTUMIAJI WA KWANZA. Mimi mwenye nyumba, mwenye hati, niliyeibeba kutoka kwenye gari mpaka mgongo ukalia, naandikiwa: MTUMIAJI WA PILI, SUBIRI. Nilitafuta namna ya kubadilisha nikaishia kuigeuza lugha. Siku mbili tuliandikiwa kwa maandishi ambayo hakuna aliyeyaelewa, na nakiri zilikuwa siku za amani. Mke wangu akairudisha kwenye Kiswahili. Yeye akaendelea kuwa wa kwanza na mimi nikaendelea kusubiri.

5. Chokaa. Naomba hapa usome mara mbili, kwa kuwa ndiko nyumba ilikobomokea, na sisemi kwa mafumbo.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa amekwenda kumwona mzazi aliyejifungua mtaa wa pili. Nikawasha mashine. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka na kioo kikaandika: CHOKAA IMEZIDI. ONDOA CHOKAA.

Nilisoma mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili. Ndugu Meneja, sentensi ile haikuwa na kosa. Chokaa imezidi. Ngeli sawa, kitenzi sawa, hata nukta ilikuwa mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu iingie kwangu mashine yenu ilikuwa imesema Kiswahili, na mimi moyo wangu ukafurahi kama wa mwalimu yeyote ambaye mtoto mzito wa darasa amemshangaza. Nikaona masomo yameingia. Na mtu anayezungumza vizuri hivyo nikaona anastahili kusikilizwa.

Lakini sikukurupuka. Nilifungua kamusi, pale pale palipo na kile kikaratasi chenu, nikasogea mpaka kwenye ch-. Chokaa: unga mweupe utokanao na mawe yaliyochomwa, hutumika kupakia kuta. Nikainua macho. Jiko letu lote limepakwa chokaa. Mke wangu alilipaka mwenyewe, akachanganya na bluu kidogo ya kufulia ili weupe uwe mkali, na kila mgeni akiingia alikuwa anapitishwa jikoni kwanza aone. Kumbe vumbi la kuta zile lilikuwa linaiingia mashine puani. Ilikuwa imekaa kimya ikivumilia, maskini, mpaka imezidiwa.

Nikachukua mwiko wa fundi, nikaanza na ukuta ulio nyuma yake. Niliukwangua mpaka matofali. Nikafagia. Nikarudi kutazama kioo: CHOKAA IMEZIDI. Nikaukwangua ukuta wa dirisha. CHOKAA IMEZIDI. Hapo nikasema mashine hii ina pua ya mbwa mwindaji, nikamaliza na ukuta wa tatu na wa nne, na vijisehemu vya juu nilivifikia kwa kusimama kwenye kiti chake yeye, kwa kuwa changu kinayumba. Bado. Nikafikiri kwamba labda inanusa ile ya ukumbini. Nilikuwa nimeshakwangua kipande cha ukumbi kipana kama shuka mke wangu aliporudi.

Alinikuta mweupe kuanzia kichwani mpaka viatuni, kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Aliingia jikoni, akatazama kuta. Akatazama kioo. Akachukua kijitabu chenu kwenye droo, ambacho mimi sikuwa nimekisoma mpaka ukurasa wa chokaa kwa sababu ukurasa wa kwanza tu una makosa tisa, akakisoma. Kumbe chokaa mnayoisema ninyi ni ule ukoko mweupe unaoachwa na maji ya chumvi ndani ya mirija, ule ule unaokaa chini ya birika. Kumbe kila maji yana chokaa yake, na mashine huhesabu vikombe na kudai dawa. Kumbe kikaratasi kile kilikuwa na kazi. Akamimina dawa kwenye tangi la maji, akaweka bakuli chini ya mdomo wa mashine, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikatema, ikanguruma, ikatema. Tulisimama tunaitazama mpaka taa ikazimika.

Kisha akasema maneno ambayo nanukuu kwa uaminifu, kwa kuwa ndiyo ushahidi mkuu wa jinsi mashine yenu ilivyomtia wivu mke wangu. Alisema: "Bomba la uani linavuja tangu binti yetu hajaolewa. Mlango wa chumbani kwetu haufungi. Nimekuambia kwa maneno kamili, yenye ngeli zote unazozitaka, na hujanyanyua hata kijiko. Kidude hiki kimekuambia maneno mawili, tena mwenyewe unasema hakijui kusema, umelibomoa jiko langu." Nilimjibu kwamba ni manne. Chokaa, imezidi, ondoa, chokaa. Akaingia chumbani, akatoka na mkoba.

Naomba uone mantiki. Kama mngeandika "ukoko wa maji", mke wangu angekuwa nyumbani leo. Neno moja, Ndugu Meneja. Ndoa yangu imevunjwa na msamiati.

6. Kimya. Kuna kitufe chenye picha ya vikombe viwili. Kidole changu hukibonyeza chenyewe kila asubuhi, na kahawa inamiminika kwenye vikombe viwili kwa usawa kabisa, hilo sina malalamiko nalo. Cha kwangu nakunywa. Kile kingine kinapoa upande wa dirisha. Natia hii katika hasara ya buni. Kisha mashine inaandika MAJI IMEISHA, nami nasema yameisha, na hakuna mtu wa kucheka. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nasema kwa ajili ya kuchekwa. Nyumba imekuwa kubwa na mimi sijaizoea. Sipendi kuandika haya kwa mtu nisiyemjua, lakini fomu ya malalamiko mliyonipa ilikuwa na mstari mmoja tu, kwa hiyo mmejitakia.

7. Shemeji. Hili la mwisho ndilo linaloonyesha jinsi mashine yenu ilivyo na hila. Nilimpelekea mke wangu salamu kwa simu kupitia shemeji yangu, yule dada mkubwa, ambaye tangu siku ya harusi huzungumza nami kama mtu anayesoma mita ya umeme. Nikamwuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Akasema hana ugonjwa, analala vizuri, anakula vizuri, amenenepa. Nikamwuliza kama kuna kitu chochote anachokikosa. Akasema ndiyo, asubuhi analalamika. Nikaibana simu sikioni. Nikauliza analalamikia nini. Akasema kahawa. Nikauliza, kwa unyenyekevu, kahawa ya nani. Akasema ya mashine. Amejaribu ya birika kule, inamkaa kooni, ameshaharibika.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, mashine yenu imemfukuza mke wangu na papo hapo imemfanya aikumbuke yenyewe badala ya mumewe. Nimefundisha hadithi nyingi za sungura na sijawahi kukuta ujanja wa namna hii.

Kutokana na hayo, madai yangu ni kama ifuatavyo. Mosi, barua kwa mke wangu. Ili kuwapunguzia kazi, na ili kulinda ngeli, nimeiandaa, ninyi mtie sahihi tu: "Mama mpendwa, sisi waundaji wa mashine tunakiri kwamba mume wako ni msikivu kwa asili. Alitusikiliza sisi kwa sababu tulimlaghai kwa sentensi sahihi. Tunaamini akipewa nafasi atakusikiliza na wewe pia, na hata ukikosea sarufi." Mwisho huo naomba usiguswe, nimeufikiria sana. Pili, neno chokaa liondolewe kwenye mashine zote nchini kabla jiko jingine halijabomolewa. Tatu, mashine yoyote itakayouzwa kwa watu wazima iamkie kwanza, ndipo iombe maji. Nne, kijitabu kiongezwe onyo kwamba mume akishika kitambaa na mafuta ya kulainisha, ahakikishe mke wake hayuko mlangoni anatazama. Tano, mje muichukue mashine wiki hii. Nimeshaiandalia sanduku lake. Sitaki mbadala, sitaki fundi, sitaki punguzo. Nataka isiwepo, ili mke wangu akirudi asiwe na wa kumlinganisha nami.

Naamini utalitazama jambo hili kwa macho ya mtu mwenye nyumba. Nisalimie dada wa dukani, mwambie maji yetu yana chumvi. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenisaidia kulishika sanduku, na mhasibu wenu, na yeyote anayechemsha chai hapo ofisini kwa njia ya zamani. Nisalimie mkeo, msikilize. Na yule aliyeiandikia mashine sentensi zake, mpe salamu za pekee, mwambie hajachelewa kurudi darasani na mimi nina nafasi asubuhi zote.

Wako katika masikitiko yaliyopangwa kwa namba,

Mwalimu mstaafu, mume wa mkunga.

Tanbihi: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa mke wangu alipofika. Hakuja kwangu. Amekuja na gari la shemeji na blanketi la kuifungia mashine. Anataka kuipeleka kule. Nilitaka kumwambia ichukue na Mungu awe nanyi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema kwamba haiwezi kubebwa na maji tumboni, itaharibika, lazima ikaushwe kwanza. Kwa kuwa ananijua, akadai nimwonyeshe ukurasa. Nikamwonyesha, upo kweli. Akasema haya, ikaushe basi, akaketi upande wa dirisha.

Kukausha kwenyewe ni kubonyeza kitufe kimoja, kama ujuavyo. Sijakibonyeza. Nimemwambia maji yaliyomo ni halali yanywewe kwanza, tusiyamwage bure, nikamtengenezea kikombe, nami kimoja, na yanapokaribia kwisha nayajaza akitazama nje. Tumeshabishana juu ya mkwe wetu. Tumeshabishana juu ya kuta, na hapo nilishindwa, na nimeahidi kupaka, kwa bluu kama ya kwake. Sasa anasema wingu lile ni la mvua na mimi nasema si la mvua. Haya nayaandikia sebuleni, nimesema nimekuja kutafuta kitambaa kikavu.

Kwa hiyo madai yote, kuanzia mosi mpaka tano, nayafuta. Msimtume mtu kuichukua. Na mke wangu akiwapigia simu kuuliza kazi hii ya kukausha huchukua muda gani, maana ameanza kuitazama saa, tafadhali sana mwambieni ni kazi ya siku nyingi, na haifanywi na mtu mmoja.